Saa ya Mnyoo

Saa nne za usiku, Gongoni, ndipo tunapoanza.
Kabla ya hapo damu haina habari:
wamejibanza mapafuni, wanangoja mbu aamke.
Nabisha hodi na sindano, pamba, tochi ya kichwani.
Watu hunipa kidole cha kushoto
na kugeuza uso kando,
kama mtu anayelipa deni huku jirani anaona.
Tone moja. Kioo. Namba. Hodi nyingine.

Tsofa Mramba, bawabu wa mashamba ya chumvi,
nilimtoboa langoni kwake, saa sita kamili ya usiku.
Damu safi. Hamna hata mmoja.
Kesho yake nikarudia. Safi.
"Basi sina," akasema, akicheka,
huku kiatu cha kulia, kamba haifiki, kikimkana.

Ni Nyevu, mkewe, aliyenisuta:
"Mwanangu, huyu hulala mchana.
Njoo akiwa anakoroma."

Nikaenda adhuhuri, bati linalia kwa joto.
Kidole alinipa bila kufumbua macho.
Na chini ya hadubini, rangi ya zambarau ilipokolea,
nikawakuta, ishirini na watatu,
kila mmoja ndani ya ala yake
kama jambia la bwana harusi.
Mnyoo hasomi saa ya ukutani.
Husoma usingizi wa mtu.

Sasa nimo chumba cha nyuma, hospitali, Malindi.
Jokofu linaguna. Jenereta imekufa tena.
Mashine ndogo, ndogo kuliko kipande cha sabuni,
inameza uzi wa Tsofa,
la, uzi wa wageni wa Tsofa,
na kutema herufi nne. Nne tu,
zikarudiwa milioni themanini na ushei.
Chuoni tulichapwa kwa kuruka herufi moja;
hapa zinarukwa maelfu, na mashine
inasema haisomeki, endelea.

Vinasaba, ndivyo tunavyoviita. Neno zuri.
Huku kwetu nasaba ni mali:
ami yangu Shebwana ana karatasi kashani,
imekunjwa mara nane,
mababu kumi na wanne mpaka Hadhramauti,
na wa saba ameandikwa kwa wino mwingine.
Mnyoo hana kasha,
lakini hajapoteza babu hata mmoja.
Ninao hapa binamu zake wa Pate,
mashemeji wa Takaungu,
na mmoja aliyelala kwenye spiriti miaka arobaini:
ndugu kabisa, tumbo moja.
Walikuja nasi, ndani yetu, bila nauli.
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Huyu ana mwaka wa sita, amezaa, ameozesha,
na ndani yake naye amepangisha:
kijidudu ambacho ukikifukuza
mwenye nyumba hazai tena.

Ninachotafuta ni mstari mmoja,
mahali palipoandikwa: amelala, tokeni.
Miezi mitano.
Nimepata wa ngozi, wa utumbo, wa uzazi.
Wa saa, bado.

Jana Tsofa alikuja kuchukua dawa,
kandambili mguu mmoja, mwingine kitambaa.
Akatazama herufi zikishuka kwenye skrini,
akatazama sana, kisha akauliza,
"Na mimi nimeandikwa wapi humo?"
Nikamwambia hayumo.
Akanuna.
"Wanajua nalala saa ngapi, halafu simo?"
Sikuwa na jibu. Nikampa vidonge,
nikamwonyesha tena namna ya kuosha katikati ya vidole.

Msimu huu nimekesha usiku thelathini na mmoja.
Leo nimeshtuka adhuhuri, shuka limelowa,
nikakaa kitandani nikipiga hesabu:
kama nami ninao,
wangu sasa hivi wanadhani ni saa ngapi?
Mkoba ulikuwa pale pale, juu ya kiti.
Kidole cha kushoto. Nikageuza uso kando.
Tone moja. Kioo.
Namba sikuandika.